Mtembezaji wa Chumbe

Boti ya kisiwa cha Chumbe huondoka upande wa Mbweni kiasi cha saa nne asubuhi, lakini kazi ya mtembezaji wa wageni imeanza tangu usiku wa jana, alipotoka nje akautazama mwezi. Anataka kujua leo ni mwezi ngapi, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo itakayompa saa za maji. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari ya Unguja huingia bamvua: asubuhi, saa nne hivi, maji hupwa mpaka mchanga na mawe yakabaki wazi kwa mbali sana, na jioni hujaa kwa tofauti ya karibu mita nne. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Saa nne hiyohiyo bahari imejaa, na ikija kupwa alasiri hupwa kwa kiasi tu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na mtu aliyekulia pwani huzibeba kichwani bila kutazama karatasi.

Mgeni huyaona hayo kuwa mambo ya wavuvi. Mtembezaji humo ndimo anamopata ratiba yake yote. Siku ya bamvua, boti inapofika kisiwani maji bado yako chini, na atakayeogelea juu ya mwamba wakati huo atayapiga matumbawe kwa magoti na kwa viatu vyake vya mpira. Basi siku hiyo wageni huanza kwa miguu. Hutembezwa pwani iliyokauka, wakaangalia viumbe waliosalia vidimbwini, halafu msituni, na bahari ikawa ya mwisho, maji yakishapanda. Siku za maji mafu mpango hugeuka juu chini: wanashuka botini, wanavaa miwani, wanaingia majini kwanza. Mgeni hajui kwamba palikuwa na njia ya pili. Anachoona yeye ni kwamba kila alipofika, mahali palikuwa tayari kumpokea.

Nimeitazama kazi hii kwa muda mrefu, Chumbe na kwingineko Unguja, na kila ninapoitazama naiona ngumu zaidi. Watu hudhani kutembeza wageni ni kusema: kujua majina ya samaki kwa Kiingereza, kuwa mcheshi, kuwa na hadithi mbili tatu za kuchekesha. Hayo yapo na yana faida yake. Lakini watembezaji ninaowaheshimu husema kidogo. Wanapanga, wanangoja, wanasimama mahali fulani kwa makusudi, na kitu kinajitokeza mbele ya macho ya mgeni, naye mgeni akadhani amekiona mwenyewe. Na kweli amekiona mwenyewe. Huo ndio ufundi wanaoutafuta.

Chumbe kiko kilomita kama 12 kusini ya Mji Mkongwe, katika mkondo unaotenga Unguja na bara. Ni kisiwa kidogo, eneo lake halifiki hekta 30, na karibu chote kimefunikwa na msitu wa maweni, yaani miti iliyoota juu ya mwamba mkavu wa matumbawe ya kale. Upande wa magharibi, chini ya maji, uko mwamba ulio hai, wenye karibu aina 200 za matumbawe magumu na zaidi ya aina 400 za samaki. Nchi kavu kuna mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya walinzi wa mnara, na nyumba saba za makuti kwa wageni wanaolala.

Mwamba huo haukusalimika kwa bahati tu. Kisiwa kiko kando ya njia ya meli ziendazo Dar es Salaam, na pwani inayokitazama ilikuwa na kambi ya jeshi, kwa hiyo wavuvi hawakuruhusiwa kutega wala kutia nanga hapo kwa miaka mingi. Mwaka 1991 mhifadhi kutoka Ujerumani, Sibylle Riedmiller, alianza kuzungumza na serikali juu ya kukilinda kisiwa hicho, na mwaka 1994 mwamba wa magharibi ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi. Ndipo likaja swali la nani atakayeulinda. Waliochukuliwa ni wavuvi wa vijiji vya jirani.

Jambo hilo naliona kubwa kuliko yote niliyokwisha kutaja. Mvuvi anajua pweza anakaa wapi kwa sababu anataka kumchokoa. Anajua changu wanapita ukingo gani maji yanapojaa, tasi wanalisha wapi, chewa anajificha chini ya jiwe lipi, na ujuzi wote huo umeelekea kwenye mshipi, dema au nyavu. Mtembezaji wa Chumbe anaufuata ujuzi uleule hatua kwa hatua, ila ile hatua ya mwisho. Anamfikia samaki kama angemvua, kisha anasimama. Hatua hiyo moja ukiiondoa, kila kinachoitangulia kinabadilika: namna ya kupiga maji, umbali wa kusimama, muda wa kukaa. Mvuvi hana haja ya kufikiria pweza atakavyokuwa kesho. Mtembezaji anamhitaji pweza huyohuyo, shimoni mwake mulemule, kwa wageni wa kesho na wa keshokutwa.

Walinzi wa Chumbe hawana silaha. Ngalawa ikiingia kwenye hifadhi, mlinzi huiendea na boti, akamwamkia mwenyewe, akauliza hali ya bahari na hali ya nyumbani, ndipo akaeleza: hapa samaki wanazaa, wakijaa watatoka nje ya mpaka, na huko nje utawapata wewe na wanao. Mara nyingine mlinzi ndiye anayemvuta mvuvi huyohuyo chombo chake kinapoharibika au upepo wa kusi unapomzidi. Nadhani hapo ndipo watembezaji wa kisiwa hiki walipopata malezi yao. Mtu aliyejifunza kumshawishi mvuvi mwenye njaa, anayemjua baba yake, aache samaki anaowaona kwa macho, hashindwi kumshawishi mtalii asiguse tumbawe.

Boti inachukua dakika 40 hivi. Njiani mtembezaji hasemi mengi. Anawaeleza wageni maboya ya kuvaa yako wapi na wakae vipi ili chombo kisilale upande mmoja, kisha anakaa nyuma na kuwaangalia. Nilimwona mmoja, mtu mzima, ndevu zimeanza kuota mvi, akiangalia mikono ya abiria. Mama mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuja na watoto wake wawili, aliushika ubao wa boti tangu tulipoacha ufuo mpaka tulipofika, na kila wimbi lilipogonga vidole vyake vilikaza zaidi. Alipoulizwa na mwenzake kama anajua kuogelea alijibu kwamba anajua kidogo. Mtembezaji aliyasikia majibu yote mawili, la mdomo na la vidole, akaamini la vidole.

Saa ya kuingia majini ilipofika hakumwambia asiogope. Alimwita pembeni, kwa sauti ya chini watoto wasisikie. “Bi mkubwa, mimi na wewe tutakwenda taratibu. Wenzetu watatangulia.” Wakasimama maji yakiwa kiunoni, juu ya mchanga, mahali pasipo jiwe wala tumbawe. Akatema mate kwenye kioo cha miwani, akakisugua, akasuuza, ili kisipate ukungu, akamvalisha. Kisha akamwomba jambo dogo sana: aweke uso majini, avute pumzi moja kwa mrija, ainuke. Ikawa. Akamwomba mbili. Yule mama alipoinuka mara ya pili alisema kuna samaki mdogo karibu na mguu wake. Mtembezaji akamuuliza, rangi gani? Mama hakuwa amezingatia, ikabidi azamishe uso tena, na safari hii alikaa muda mrefu, akihema vizuri, kwa sababu alikuwa anatafuta rangi ya samaki. Hofu ilipungua bila kutajwa. Baadaye walikwenda mwambani, yeye ameshika boya la duara, mtembezaji ameshika kamba ya boya hilo na kulivuta polepole, na sikumwona tena akikaza vidole.

Utaratibu huu haukutungwa kwa watalii. Chumbe hupokea wanafunzi wa shule za Zanzibar, na wengi wao, hasa wasichana, wamezaliwa hatua chache kutoka baharini bila kupata nafasi ya kuogelea au kuutazama mwamba kwa chini. Bahari ya kina ilikuwa ya baba na kaka zao. Wanawake walichokoa pweza na kuokota chaza maji yakipwa, wakapanda mwani, lakini ukingo wa mwamba wenyewe haukuwa wao. Kumwingiza majini msichana wa umri huo, akiwa amevaa nguo zake za heshima, mbele ya wenzake wanaotaka kucheka, kunahitaji uvumilivu ambao mtalii wa kawaida haudai. Mtembezaji aliyepitia hapo ana mikono tofauti.

Juu ya mwamba yeye hutangulia, lakini si mbali. Haogelei kwa nguvu. Miguu yake haisumbui maji, inasukuma kidogo tu na mwili mzima unateleza, na wageni walio nyuma, bila kuambiwa, huanza kumwiga. Anapotaka kuonyesha kitu hanyooshi mkono kukielekea moja kwa moja, maana samaki akiona kitu kimenyooshwa kwake huondoka. Husimama kwanza, akajilaza juu ya maji pembeni ya hicho anachotaka kionekane, akageuza kiganja chini polepole. Wageni wanakuja, wanatazama kiganja kilipoelekea, hawaoni kitu. Yeye haongezi neno wala ishara. Anangoja. Sekunde kumi, ishirini. Mmoja anaona, anapiga kelele ndani ya mrija, na wengine wanaona kwa sababu yake.

Hivyo ndivyo alivyotuonyesha pweza. Alisimama mbele ya shimo lisilo na chochote, nje yake kumerundikana maganda ya kaa na vipande vya chaza. Kwa mvuvi huo ni mlango wenye jina la mwenyewe: pweza hula nyumbani na kutupa mabaki nje. Mtembezaji alituelekeza kwenye maganda, basi. Mtoto mkubwa wa yule mama ndiye aliyefuata maganda kwa macho mpaka shimoni na kuliona jicho. Tulipotoka majini mtoto alikuwa akiwaeleza watu wazima namna ya kumjua pweza alipo, na kosa hata moja hakufanya.

Na pono. Kila Mswahili anajua usingizi wa pono, maana ndio tunaousema mtu akilala asiamke, lakini wengi wetu hatujawahi kumwona pono akiwa macho. Ukiweka masikio chini ya maji Chumbe unamsikia kabla hujamwona: mlio mkavu wa kutafuna. Ana mdomo mgumu uliofanana na wa kasuku, na kwa mdomo huo anakwangua mwani kwenye jiwe la tumbawe, akameza na jiwe lenyewe, kisha akalitoa nyuma likiwa mchanga mweupe. Mtembezaji aliinua kichwa juu ya maji mara moja tu katika saa nzima ile, na ilikuwa hapo. Alituambia tusikilize kwanza, ndipo tutazame. Kisha tukamwona pono mkubwa wa kijani akitoa wingu la mchanga. Tuliporudi ufuoni na kukanyaga mchanga ule, hakuna aliyehitaji kuelezwa umetoka wapi. Usiku, aliongeza baadaye tulipokuwa tunakunywa chai, baadhi ya pono hujifunika utando wa kamasi wanaoutengeneza wenyewe, na humo ndimo wanamolala usingizi wetu ule wa methali.

Kuna sehemu ambazo aliziepuka. Tulizunguka mbali kuliacha shimo moja la mchanga lililokuwa na kikande mkubwa juu yake. Kikande akiwa na mayai hulinda kiota kwa ukali, akamfuata na kumng'ata yeyote anayepita juu. Mgeni angefurahi kumwona kwa karibu. Kikande angepoteza nguvu na muda wa kulinda, na mgeni angepoteza kipande cha ngozi. Tulipita bila kusimama. Nilielewa sababu jioni tu, nilipomuuliza. Ni sehemu ya kazi isiyoonekana, na sijui ni mambo mangapi ya aina hiyo yalitupita siku ile bila sisi kuuliza.

Pia kuna sehemu ambayo hakuiepuka ingawa haipendezi. Kipo kipande cha mwamba ambapo matumbawe yamekufa, yamesimama ya kijivu, mwani umeyafunika. Mwaka 1998, na tena 2016, bahari ya pwani hii ilipata joto lililozidi, na tumbawe likizidiwa na joto huvitoa vijimea vidogo vinavyoishi ndani yake na kulilisha. Rangi inaondoka pamoja navyo, tumbawe linakuwa jeupe, na joto lisipopoa mapema linakufa kwa njaa. Chumbe kiliumia kama miamba mingine, kikapona vizuri kuliko mingi, kwa sababu samaki walao mwani walikuwa wengi na walisafisha mawe mpaka matumbawe machanga yakapata pa kushika. Mtembezaji alitupitisha kwenye kijivu kile kwanza, muda wa kutosha, na pembeni yake akatuonyesha tumbawe changa lisilozidi upana wa kiganja, zambarau, limeota juu ya maiti ya mzee wake. Sehemu zenye rangi tele zilikuja baadaye. Angeanza na uzuri, tungeuona uzuri huo kuwa jambo la kawaida.

Chakula cha mchana nitakipita haraka, ingawa samaki wa nazi alikuwa mzuri. Kisiwa hakina kisima. Maji ya kunywa na kuoga ni ya mvua iliyokusanywa mapaani, umeme ni wa jua, na vyoo havitumii maji.

Msituni mtembezaji alibadilika. Baharini alikuwa mbele. Huku alitaka tutangulie sisi, mmoja mmoja, yeye akawa wa pili au wa tatu. Njia ni nyembamba na jiwe la maweni lina makali, hivyo anayetangulia hutazama chini, na anayetazama chini huona kilichomo ndani ya jiwe. Mtoto alisimama, akasema kuna chaza humu. Ni kombe kubwa, upana wake zaidi ya mkono wa mtu, limekwishakuwa jiwe ndani ya jiwe. Pale tuliposimama, kivulini, majani yakidondoka, palikuwa sakafu ya bahari wakati maji ya dunia yalipokuwa juu kuliko leo. Msitu wote ule umeota juu ya mwamba wa matumbawe wa namna ileile tuliyoiogelea asubuhi. Mtembezaji alisema maneno hayo mawili matatu na kunyamaza, akatuacha tupapase.

Miti ya pale haina udongo wa maana wala maji ya chini. Mizizi inajipenyeza nyufani kutafuta majani yaliyooza, na kiangazi miti mingi hupukutisha majani ili isikauke. Katikati ya kisiwa kuna dimbwi la mikoko lililozungukwa na msitu, hakuna mfereji unaoonekana kulifikia, na bado hujaa na kupwa, kwa sababu maji ya bahari hupita ndani ya mwamba wenyewe. Yuleyule aliyepanga siku yetu kwa saa za maji alitufikisha dimbwini wakati ukingo wake bado una alama mbichi ya maji, akatuonyesha alama hiyo kwa kidole cha mguu.

Paa nunga yuko huko, ingawa sisi hatukumwona. Ni paa mdogo mwekundu mwenye mstari mweupe nyuma, anayepatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na kuwindwa na kukatwa kwa misitu kumemfanya awe adimu. Wachache waliletwa Chumbe wapate mahali salama. Tulichopata ni alama ya kwato, ndogo kuliko sarafu, kwenye udongo kidogo chini ya mti. Mtembezaji alichuchumaa, akatazama, akasema amepita alfajiri, alikuwa anatembea na hakukimbia. Niliwaona wageni wakiridhika. Hakuwa amewaahidi paa. Kuanzia asubuhi hakuahidi kitu chochote, si kasa, si pomboo, si paa, na kwa hiyo alama ile ya kwato ilikuwa zawadi.

Kutoahidi ni ufundi pia, na ukitaka kuuthamini utazame mahali unapokosekana. Huko Kizimkazi asubuhi nyingi utaona boti zaidi ya kumi zikifukuza kundi moja la pomboo, injini zinanguruma, wageni wanarushwa majini mbele ya wanyama kila wanapoibuka kuvuta pumzi, wanyama wanazama, na boti zinazunguka kuwangoja. Katika mafungu ya mchanga kaskazini ya Unguja viti vya pweza hutolewa majini vikapangwa mchangani kwa ajili ya picha. Wanaofanya hivyo si watu wabaya. Mgeni ameshaahidiwa hotelini, na mtu wa mwisho katika mnyororo, mwenye boti, ndiye anayetakiwa kuitimiza ahadi ya mwingine ili alipwe. Inaniuma, kwa sababu wengi wao wanaijua bahari kuliko yeyote aliyewaagiza, na ujuzi wao wote umebanwa ukawa kazi ya kukimbiza.

Tatizo la msitu wa Jozani ni la upande mwingine. Kule kima punju, kima wa Unguja, wamezoea watu mpaka wanakaa matawini juu ya kichwa chako na kupita kati ya miguu. Mtembezaji hana haja ya kumtafuta mnyama; kazi yake ni kumzuia binadamu asisogee. Nimewaona wakifanya hivyo kwa ustadi, wakisimama wao wenyewe kati ya kima na kamera huku wakieleza kwa utulivu, kwa mfano, kwa nini kima hawa hula makaa: majani ya mwembe na mkungu wanayoyapenda yana sumu kiasi, na makaa huinyonya tumboni. Maelezo yale hushika masikio, na mgeni anayesikiliza hanyooshi mkono. Mkono wa Chumbe na mdomo wa Jozani vinafanya kazi moja.

Kaa wa minazi ndiye mtihani wa mtembezaji wa mchana. Ni kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu duniani, anaweza kufika kilo nne, na Chumbe ni kati ya mahali pachache anapoonekana kwa wingi. Lakini ni mnyama wa usiku. Wageni wanaolala kisiwani hutoka na tochi na kumwona. Wa siku moja humkuta shimoni. Mtembezaji anayajua mashimo, na mkono wa mvuvi unajua kumtoa kaa shimoni. Wetu hakumtoa: alilala kifudifudi, akaangaza tochi kwa pembeni, si machoni, akatuita mmoja mmoja tulale alipolala yeye. Tuliona gando moja, la buluu iliyokoza, na nyuma yake giza. Mzungu mmoja mzee aliuliza kwa adabu kama kaa hawezi kutolewa kidogo kwa picha moja. Mtembezaji alimjibu kwa Kiingereza safi kwamba kaa huyu huchukua miaka mingi kufikia ukubwa huo, kwamba mchana ni wakati wake wa kulala, na kwamba mzee mwenyewe akirudi akalala usiku mmoja atamwona akitembea kwa hiari yake. Hakuna aliyeaibika. Mzee alilala tena chini akaangalia gando kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

Mnara aliuacha mpaka karibu na mwisho, na hapo ndipo alipozungumza. Ngazi zinapanda kwa mzunguko, joto ni kali, na wengine huuliza kwa nini wasipande mapema asubuhi kabla ya kuchoka. Jibu liko juu. Ukipanda asubuhi unaona miti na maji. Ukipanda alasiri, unaona dimbwi lako la mikoko likiwa doa la kijani tofauti ndani ya msitu. Unaona mchanga wa pono. Unaona mpaka kati ya buluu nyepesi na buluu nzito, ambapo mwamba unaanguka, na unajua uliogelea wapi. Hapo alitueleza habari za Waingereza kujenga mnara mwaka 1904, taa yake kutiwa mfumo wa gesi mwaka 1926, walinzi wake na msikiti wao, na njia ya meli. Alipoitaja njia ya meli, meli ya abiria kutoka Dar es Salaam ilikuwa inapita papo hapo, naye alinyoosha mkono wazi kwa mara ya kwanza siku nzima. Njia ile ndiyo iliyowakataza wavuvi, na wazee wake mwenyewe walilalamika.

Kijana anayejifunza alikuwa nyuma ya msafara tangu asubuhi, amebeba maji na kisanduku cha dawa. Kazi yake, nilivyoielewa, ni kutazama wageni wanatazama wapi. Mara mbili nilimwona mkubwa wake akigeuka, akamuuliza kwa jicho, naye akajibu kwa kichwa kumwelekea mgeni aliyechoka au aliyebaki nyuma, na mwendo ukapungua. Majina ya samaki anaweza kuyasoma kwenye kitabu jioni. Hili la kutazama macho ya watu halina kitabu, na aliyelipata hulipata kwa kutembea nyuma.

Ukipanga kwenda, jua kwamba nafasi za siku moja ni chache, na kisiwa hufungwa wakati wa masika, tangu katikati ya Aprili mpaka katikati ya Juni. Vaa viatu vya kufunga kwa ajili ya maweni, na shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, usitegemee mafuta ya jua ambayo yanadhuru matumbawe. Kamera unaweza kuja nayo, ila kwa saa ya kwanza iache begani. Mtembezaji akikuuliza kama unajua kuogelea, mwambie kweli, akuandalie boya tangu ufuoni.